Kagari ka rangi ya ugoro: siku niliyoshtakiwa kwa rangi ambayo sikuipaka

Wakuu humu ndani, habari zenu.

Mimi ni mzee wa miaka themanini na saba. Anayeandika hapa ni mjukuu wangu Mwende. Mimi naongea tu. Nimemwambia asiongeze chumvi, na yeye ameniambia nisirudie kitu kimoja mara tatu. Tumekubaliana.

Kilichonisukuma ni zile arguments za juzi za tugari twa toy twa zamani. Mtu anapost picha ya kagari kenye rangi haiko kwa catalogue, na kabla hajamaliza kueleza watu wameshamrukia. Repaint! Umepigwa! Hakuna hata mmoja anamwambia ageuze kagari tuone chini.

Mimi niliwahi kugeuza kagari nikaangalia chini. Na siku hiyo ningeshindwa kueleza nilichoona, baba ya mtu angelala seli, na mimi ningelala kando yake.

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Nakuru, miaka ya hamsini, mzungu akiwa bado ndiye mkubwa. Mahali nimesahau nitasema nimesahau.

Basi.

Nilizaliwa Ndabibi, baba yangu akikamua ng'ombe kwa shamba la settler. Mimi ng'ombe hawakunipenda na mimi sikuwapenda. Nikakuja Nakuru mjini, nikapata kazi kwa garage ya Kalasinga mmoja anaitwa Gurdev. Nilianza kwa kusugua body na sandpaper mpaka vidole vikakosa alama. Baadaye akanipa spray gun. Wakati wa hiki kisa nilikuwa na kama miaka ishirini, na mimi ndiye nilikuwa fundi wa rangi wa hiyo garage.

Niwaambie ukweli, nilikuwa na maringo. Ukiniletea mudguard ningekuambia imepakwa rangi mara ngapi na nani alikuwa na haraka.

Sasa kanisani nilikuwa naimba kwaya na jamaa mmoja anaitwa Barasa. Mtu mkubwa, sauti nzito, ana mkono wa mikate hujawahi kuona. Alikuwa mpishi kwa nyumba moja ya mzungu kule Milimani. Jina la huyo mzungu sitalisema. Wafanyakazi walimwita Bwana Kofia, kwa sababu hata akiwa ndani ya nyumba kofia haitoki.

Barasa alikuwa na msichana mmoja, Nafula, wa miaka sita. Walikaa na mama yake kwa chumba cha wafanyakazi, nyuma ya jikoni.

Na Nafula alikuwa na kagari.

Kagari kenyewe kalikuwa saloon ndogo, ka chuma, unakafunika na kiganja. Kametengenezwa Uingereza, maandishi yako chini. Zile za aina hiyo tulizozijua kwa madirisha ya maduka zilikuwa nyekundu, za bluu, za kijani. Hako kalikuwa rangi ya ugoro. Brown, brown ya kuchosha macho. Hakuna mtoto angekachagua.

Na hiyo ndiyo ilikuwa bahati ya Nafula. Muhindi mwenye duka, pale Barasa alikuwa ananunua unga na sukari ya nyumba, alikuwa amekaa na hako kagari kwa shelf mpaka kakashika vumbi. Watoto wanakaangalia wanachukua kekundu. Mwisho wa mwaka akamwambia Barasa, chukua, mpelekee mtoto wako, wewe ni customer mzuri.

Nafula alikapenda. Alikuwa anakaendesha kwa ngazi za jikoni akipiga mlio wa lori likipanda mlima, na mate yakiruka.

Shida ilianza hivi. Bwana Kofia alikuwa na kijana wake, Robin, wa miaka saba. Robin naye alikuwa na kagari aina ile ile, lakini ka bluu, kametumwa na nyanya yake kutoka Ulaya. Siku moja hako ka bluu kakapotea.

Nyumba ikapinduliwa. Mito, viatu, kabati, kila mahali. Robin anaulizwa, anasema hajui.

Bwana Kofia akaenda nyuma, kwa vyumba vya wafanyakazi. Akamkuta Nafula kwa ngazi na kagari. Umbo lile lile, size ile ile. Rangi tu ndiyo tofauti.

Sasa angalieni vile akili ya mtu inaweza kukimbia. Wiki mbili kabla, Bwana Kofia alikuwa ametuletea lori lake pale garage, la kubeba mahindi, tukalipaka rangi. Na alichagua rangi gani?

Brown. Ndiyo hiyo wakuu. Karibu ile ile ya ugoro.

Kwa kichwa chake hesabu ikakamilika. Mpishi ameiba kagari ka bluu. Mpishi ana rafiki fundi wa rangi. Fundi amebakisha rangi ya lori. Wameficha wizi chini ya rangi yake mwenyewe!

Barasa akamwambia, bwana, uliza Muhindi wa duka. Wakaenda. Kumbe Muhindi amepanda meli kwenda India kuoza binti yake, na duka ameachia mpwa wake ambaye hata bei ya kiberiti alikuwa anasoma kwa karatasi. Hajui kagari, hajui Barasa.

Ilikuwa asubuhi, niko kwa garage nachanganya rangi, nikasikia gari imefunga breki nje. Bwana Kofia akashuka na kofia yake. Nyuma kwa gari niliona Barasa amekaa, mikono kwa magoti, hanitazami. Robin pia alikuwa ndani, kwa sababu baada ya kutupeleka polisi baba yake alikuwa amnunulie viatu. Hiyo ndiyo ilikuwa program ya siku.

Wale wazungu walikuwa na Kiswahili chao. Nitakiandika vile kilivyokuwa.

"Wewe!" akaniambia. "Wewe napaka hii?"

Akafungua mkono, nikaona kagari. Nilikuwa najua ni ka nani, Nafula alishakaleta mpaka kanisani.

"Hapana, bwana," nikasema.

"Hii iko gari ya mtoto yangu. Mpishi naiba, wewe napaka rangi ya lori yangu. Sasa iko kwenda polisi, wewe na yeye."

Siku hizo neno la mzungu mbele ya polisi ndilo lilikuwa la mwisho. Barasa angetoka huko, kama angetoka, na barua mbaya ya kazi. Na ukiwa na barua mbaya hakuna jikoni ingine itakufungulia. Mimi nani angeniajiri, fundi wa kupaka rangi vitu vya wizi?

Gurdev akatoka kwa ofisi yake. Alikuwa mfupi, tumbo mbele, ndevu zimefungwa vizuri.

"Bwana, hapana kelele kwa garage yangu," akasema. "Kama fundi yangu napaka, rangi tasema. Wewe ngoja kidogo." Akanigeukia. "Angalia. Sema mbele yake."

Hapo nikakumbuka mimi ni nani. Nikafuta mikono, nikaomba kagari. Bwana Kofia akanipa kama mtu anayepeana kidole chake.

Nikakageuza.

Hapa ndipo nataka vijana wa collection mniskize.

Chini ya hako kagari kulikuwa na kibati cheusi, na kibati kimeshikwa na rivet mbili, moja mbele na moja nyuma. Rivet ni kile kichwa cha chuma kimegongwa kikasambaa. Kiwandani walipaka body kwanza, wakakausha, ndipo wakafunga kibati na kugonga rivet. Kwa hivyo kichwa cha rivet kinabaki chuma kitupu, cheupe. Mtu akikuja kupaka nyumbani baadaye, brush ama spray yake itapita hapo, na itaguza kibati, itaguza tairi, itaguza mwisho wa axle. Ni ngumu sana isiguze.

Rivet zilikuwa nyeupe. Tairi hazikuwa na tone. Na zile rivet hazikuwa zimetolewa na kugongwa tena, hazikuwa na alama ya nyundo.

Nikamwonyesha Bwana Kofia. Akaangalia.

"Wewe nafunika hapo na karatasi," akasema. "Kwa lori pia wewe nafunika kioo na karatasi."

Nikaona kumbe huyu mtu si mjinga. Tulikuwa tunafunika kweli.

Nikasema sawa, twende kwa milango. Milango ya hako kagari haikufunguka, ilikuwa tu mistari imechorwa kwa chuma. Rangi ikikaa juu ya rangi ingine, hiyo mistari inajaa, inakuwa kama mtu amepaka siagi juu ya mkate wenye nyufa. Hii ilikuwa bado makali. Ukipitisha ukucha unasikia mstari.

"Wewe natoa bluu kwanza," akasema.

Na hapo hapo, kabla sijamjibu, akatoa kisu kidogo kwa mfuko, akakashika kagari, akakwaruza mudguard ya mbele. Kwaaru! Robin akaruka ndani ya gari kama amekwaruzwa yeye.

Chini ya brown kukatokea chuma. Hakuna bluu.

"Ndiyo," akasema, kama ameshinda. "Wewe nasugua bluu yote kwisha."

Gurdev alicheka mpaka tumbo likatingika. "Hii fundi yangu, kusugua lori tu nalia siku tatu!"

Sikucheka mimi. Nilikashika kagari nikakainua kwa jua. Siku hizo tugari hatukuwa na vioo, madirisha yalikuwa mashimo tu. Nikamwambia, bwana, tafadhali chungulia hapa, angalia roof kwa ndani.

Alichungulia. Ilibidi avue kofia ndipo jicho lifike. Nadhani ndiyo mara ya kwanza Barasa kuona nywele zake.

Ndani ya roof kulikuwa na brown. Nyepesi, kama ukungu, vile spray ya kiwanda iliingia kupitia madirisha na chini. Kwa kona bado chuma kinaonekana. Hakuna hata chembe ya bluu.

"Kama nilisugua bluu," nikamwambia, "huko ndani nilisugua na nini? Kidole changu hakiingii. Na chini sijafungua, rivet umeziona."

Akachungulia tena. Lakini mtu akishasema jambo mbele ya watu, kulirudisha ni kazi. Akasema polisi ndio wataamua.

Nikaona imebaki njia moja. Nikachukua kifuniko cha ule mkebe wa rangi ya lori lake. Kilikuwa na rangi imekauka ngumu kabisa. Nikaloweka kitambaa kwa thinner, nikafuta mara moja. Rangi ikatoka yote, kitambaa kikawa brown kama kimefuta ugoro wenyewe. Rangi ya garage ya siku hizo ilikuwa hivyo, hata ikikauka miezi, thinner inaiyeyusha. Lakini rangi ya tugari ilichomwa kwa oven kiwandani. Thinner ikipita haraka haiiwezi.

Nikachukua kitambaa kingine, kisafi. Nikakiloweka. Nikakishusha kwa kagari.

"Usifanye!"

Ni Robin. Ameshuka kwa gari anakimbia. Kiswahili cha huyo mtoto kilikuwa kizuri kuliko cha baba yake, alikifundishwa jikoni.

"Usipake hiyo! Itatoka rangi yote! Si yangu, ni ya Nafula! Yangu iko kwa tanki!"

Kumbe hawa watoto wawili walikuwa wanacheza pamoja nyuma ya jikoni kila siku, watu wakubwa wakilala mchana. Robin alikuwa amepanda ngazi ya tanki la maji ya mvua, kitu alichokatazwa kabisa, kuona kama kagari kake kanaweza kuogelea. Hakakuogelea. Akaogopa kiboko cha baba yake, akameza neno. Aliona Barasa akipakiwa kwa gari na bado akameza. Lakini kuona kagari ka Nafula kakitaka kuharibiwa na thinner, hapo alishindwa.

Mtoto akaanza kulia. Barasa, aliyekuwa anapelekwa polisi kwa sababu ya huyu mtoto, akashuka kwa gari, akamfuta makamasi na apron yake. Nilimwona na macho yangu.

Bwana Kofia alikuwa amesimama na kofia kwa mkono.

Nami nilikuwa nimeduwaa na kitambaa. Gurdev akanigonga bega. "Wewe naanza kazi, maliza kazi."

Nikafuta. Upande wa mlango, mara moja, haraka. Nikainua kitambaa watu waone. Kilikuwa na vumbi la ngazi za jikoni. Rangi, hakuna.

"Ya kiwanda," nikasema.

Sijawahi kusema neno tamu hivyo.

Tulienda Milimani sote, hata Gurdev alifunga garage akasema hii hawezi kusimuliwa. Mtunza bustani akapanda juu ya tanki na ndoo iliyotobolewa na kufungwa kwa kamba. Alivuta majani, akavuta chura, akavuta kijiko cha memsahib, mke wa Bwana Kofia, kilichopotea zamani, na hicho watu waliamua kutouliza. Mwisho akavuta kagari ka bluu. Rangi safi kabisa! Ndiyo mjue oven ya kiwanda ilikuwa si mchezo.

Memsahib alikuwa ametoka kwa veranda. Alipoelezwa alimshika Barasa mkono na kumwomba msamaha, na alimaanisha. Bwana Kofia akasema kwa haraka haraka kwamba mambo yamekwisha, Barasa arudi jikoni, na ataongezewa kitu kidogo.

Barasa hakusogea.

"Bwana," akasema na ile sauti yake ya kwaya, "mimi sitaki kitu. Mtoto wangu alinyang'anywa gari mbele ya watu na akaambiwa baba yake ni mwizi. Mrudishie wewe. Mbele ya watu hawa hawa."

Kusema hivyo siku hizo, kwa uwanja wa mzungu!

Bwana Kofia aliangalia mke wake. Mke wake alimwangalia tu.

Nafula aliletwa na mama yake, macho yamevimba kwa kulia. Yule mwanaume mrefu ikabidi achuchumae ndipo wafikiane. Akampa kagari, na akatumia mikono miwili.

"Hii iko yako," akasema.

Nafula hakushukuru. Alikachukua akakaangalia kila upande, polepole, kama mtu wa insurance. Tairi. Mlango. Roof. Alipofika mudguard ya mbele akasimama. Akaweka kidole pale kwa chuma kitupu.

"Nani amekakwaruza?"

Gurdev aliangalia mbinguni. Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Nani amekakwaruza?"

"Mimi," akasema Bwana Kofia.

Nafula alimtazama. Mzungu bado alikuwa amechuchumaa, sura zao ziko sawa.

"Sema pole."

Mama yake akashtuka, akataka kumvuta. Bwana Kofia akainua mkono kumzuia.

"Pole," akasema. Na hilo neno alilisema vizuri, bila makosa.

"Haya," akasema Nafula, akaenda zake kwa ngazi za jikoni. Robin akamfuata na ka bluu, bado kanadondosha maji. Dakika moja tukasikia malori mawili yanapanda mlima.

Yule Muhindi alirudi kutoka India baadaye, akasikia story, akacheka na kusikitika kwa wakati mmoja. Alisema sanduku lililokuja kutoka Uingereza lilikuwa na tubrown tuwili kati ya tugari twa rangi ya kawaida. Kwa nini brown, hakujua. Mimi pia sijui mpaka leo. Labda rangi ingine iliisha siku hiyo, labda fundi wa huko alikuwa anajaribu. Najua tu kwamba kiwanda pia kina watu, na watu hufanya siku moja kitu ambacho hakikuandikwa kwa catalogue.

Barasa alikaa kwa ile nyumba miezi michache tu, akapata kazi ya hoteli mjini, akaondoka na barua nzuri. Memsahib ndiye aliandika.

Nafula alikuwa mwalimu, sasa amestaafu, yuko Kitale. Kagari anako. Collector mmoja alimwambia akipeleka kwa fundi azibe ule mkwaruzo na rangi inayofanana, kataonekana kapya. Akanipigia simu kuniuliza. Nikamwambia, ukitia tone moja hapo, rangi yote iliyobaki itaanza kushukiwa. Akanijibu, "Hata sikuwa nataka kuziba, nilitaka tu kusikia ukisema. Hapo ndipo Bwana Kofia aliniambia pole."

Nilichojifunza ni hiki. Rangi usiyoijua si ushahidi wa chochote. Ni swali tu. Geuza, chungulia, shika mwangaza, ndipo ufungue mdomo, kwa sababu kila kagari kana mtu nyuma yake, na ukisema repaint umesema pia kitu juu ya huyo mtu. Na hiyo thinner msikimbilie. Mimi nilikuwa nimebanwa. Ninyi anzeni na macho.

Basi, uwanja ni wenu. Kama una kagari ka rangi isiyoeleweka, weka picha ya chini kwanza, ya juu baadaye. Na kama uliwahi kusingiziwa kitu mbele ya watu, tuambie ni nani alikusafisha, na kama yule aliyekusingizia alipata nguvu ya kusema pole.